Mtoto Kwenye Mizani ya Kakao

Mimi ni mshonaji, na mshonaji ni mtu wa kipimo. Mteja akiniambia "nishonee tu, unanijua," namsimamisha, namzungushia mita kiunoni, naandika namba kwenye daftari, ndipo tunaanza kuelewana. Macho hudanganya, na ulimi ndio kabisa, lakini mita haina shangazi wala mjomba. Hivyo ndivyo nilivyoamini mpaka nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, na imani yangu ikapelekwa Beni kwenda kuaibishwa na mama mkwe wangu.

Mtoto huyo hakuwa na subira. Ilikuwa mwisho wa Agosti, wakati ambapo Butembo nzima hukumbuka kwa siku moja kwamba watoto wanahitaji sare za shule. Nyumba yetu ya Bulengera ilikuwa imejaa mashati meupe na vitambaa vya bluu mpaka kitandani. Mimba yangu ilikuwa ya miezi saba. Nilikuwa natia vifungo maumivu yaliponishika, nikajiambia ni mgongo tu, cherehani na mgongo ni maadui wa zamani. Nikamaliza shati, nikashika la pili. La tatu sikulimaliza. Mume wangu, ambaye ni dereva wa lori, kwa bahati alikuwa nyumbani kwa sababu lori lilikuwa gereji. Alinipandisha pikipiki, na nilipokuwa bado namweleza muuguzi kwamba siku zangu hazijafika, mtoto alikuwa amefika.

Kilo moja na gramu mia sita. Wa kiume. Alikuwa mwekundu, na ngozi yake ilikuwa kubwa kuliko yeye, kama shati alilorithi kwa kaka mtu. Kilio chake kilikuwa cha paka mdogo aliyefungiwa kabatini. Nilimtazama nikalia, halafu, aibu iliyoje, nikajikuta nampima mabega kwa macho na kujiuliza nitamkatia nguo ya namna gani.

Muuguzi wa chumba cha watoto njiti alikuwa mama mnene mwenye kicheko cha kuamsha wodi. Aliniambia:

"Mama, huyu mutoto hapana mugonjwa. Alitoka tu mbele ya saa. Mapafu bado changa, tumbo bado changa, na moto ya mwili hajue bado kuitengeneza. Donc weye njo utakuwa jiko yake."

Jiko nikawa. Walimweka kifuani mwangu, ngozi kwa ngozi, kichwa katikati ya matiti, miguu imekunjwa kama ya chura, wakatufunga pamoja kwa kitenge. Wanaita kangaruu. Maziwa niliyakamua nikampa kwa mpira mwembamba uliopita puani, baadaye kwa kikombe kidogo, kwa sababu kunyonya, kumeza na kupumua kwa wakati mmoja ni kazi ya fundi, na yeye alikuwa bado mwanagenzi. Mara nyingine alisahau kupumua. Ndiyo, alisahau, kama wewe unavyosahau mwavuli. Muuguzi alinifundisha kumkuna nyayo, naye akakumbuka, akashusha pumzi kana kwamba tumemsumbua bure.

Mume wangu naye alipewa zamu, ili mimi nikaoge na kula. Siku ya kwanza alikaa wima kama anayepigwa picha ya pasipoti. Madereva wenzake walikuja kumtembelea wakamkuta amefungwa kitenge cha maua, wakacheka mpaka wakaambiwa watoke. Siku ya tatu, mimi ndiye niliyekuwa nikiomba nirudishiwe mtoto.

"Muache, amelala," ananiambia.

"Ni saa ya maziwa."

"Muache kwanza, tuko tunazungumuza."

Kila asubuhi mtoto alipelekwa kwenye mizani, na kila asubuhi niliandika. Niliandika kwenye daftari lilelile la wateja, ukurasa unaofuata vipimo vya wanakwaya wa parokia, maana ndilo nililokuwa nalo mkobani. Siku za kwanza alishuka, na muuguzi akasema usiogope, wote hushuka mwanzoni. Kisha akaanza kupanda: gramu kumi, gramu ishirini, siku moja gramu thelathini na tano, nikatembea wodini kama mke wa gavana.

Muuguzi ndiye aliyenifundisha pia kwamba mtoto wangu ana umri mara mbili. Kuna umri wa siku aliyozaliwa, na kuna umri wa siku aliyopaswa kuzaliwa. Kwa chanjo tunafuata wa kwanza. Kwa kucheka, kukaa na kutembea tunafuata wa pili. "Hapana muchanganye," alisema, "utamuchapa mutoto bure kwa kosa hakufanya."

Alipofikisha kilo mbili na kunyonya mwenyewe, tuliruhusiwa kutoka. Muuguzi aliniwekea masharti: kangaruu iendelee, maziwa ya mama peke yake, matone ya madini ya chuma kila siku, na mtoto apimwe kila wiki, siku ileile. "Akipanda, lala usingizi. Akishuka chini ya kilo mbili, hapana ngoja. Mulete."

Sentensi hiyo ya mwisho niliipigia mstari daftarini.

Sasa, mtu asiyeijua Butembo atafikiri Kongo yote ni joto. Aje Bulengera mwezi wa Oktoba asubuhi, ukungu ukiwa umekaa barazani kama mgeni asiyeaga. Nyumba yetu iko juu kilimani na kuta zake ni za mbao. Upepo unaingia bila kubisha. Mama mkwe wangu, anayeishi Beni kule chini kwenye joto, akapiga simu.

"Munaweka mutoto mu frigo," akamwambia mwanawe. "Mumulete huku. Hapa jua njo blanketi."

Muuguzi alikubali, mradi masharti yafuatwe. Barabara ya Butembo hadi Beni si ndefu, lakini ina tabia zake: siku nyingine iko wazi, siku nyingine unaambiwa ngoja, na hakuna anayeuliza ngoja nini. Tuliondoka asubuhi mume wangu aliposikia kwamba magari yanapita, mtoto kifuani mwangu chini ya sweta mbili, tukafika kabla ya saa sita mchana. Mume wangu alilala usiku mmoja akarudi kwenye lori lake.

Mama mkwe wangu ni mjane, na ni mnunuzi wa kakao. Si wale wakubwa wenye depo na malori. Yeye hukaa barazani kwake, na akina mama wa mashamba ya karibu humletea kakao kwa beseni, anapima, analipa, anakusanya magunia, kisha anawauzia hao wakubwa. Nyumba yake yote inanuka kakao, harufu iliyo kati ya siki na ndizi zilizoiva kupita kiasi. Alimchukua mjukuu wake, akamnusa utosini, akamshukuru Mungu kwa Kinande, kisha akanitazama mimi.

"Na weye unakondeana. Kula."

Siku mbili baadaye mji ukafungwa. Ilikuwa ville morte: watu wamechoshwa na mambo ya usalama, basi wanasema hasira yao kwa kukaa nyumbani. Maduka yamefungwa, pikipiki zimelala, barabara kubwa imebaki ya mbuzi. Kituo cha afya kilikuwa upande wa pili wa mji, na siku ya kupima mtoto ilikuwa ndiyo hiyo.

Mtu mwingine angesema tutapima kesho kutwa. Mimi niliambiwa siku ileile. Na pale barazani, chini ya kitambaa, palikuwa na mizani.

Ilikuwa mizani ya meza, yenye sinia ya bati juu na uso wa saa mbele. Sifuri iko juu kabisa, kilo moja, mbili, tatu zinazunguka, na kilo ya kumi sindano inarudi palepale kwenye sifuri. Mama mkwe alikuwa ameenda kwa jirani. Niliiosha sinia kwa sabuni na maji ya moto, nikaipangusa, nikatandika kitenge, nikaangalia kitenge peke yake kina uzito gani, ndipo nikamvua mtoto nikamlaza. Mtu wa kipimo hafanyi kazi nusu.

Kilo moja na gramu mia nane.

Nilimwinua. Nikamlaza tena. Kilo moja na gramu mia nane. Nikagonga ubavu wa mizani kama watu wanavyogonga redio, nikamlaza mara ya tatu. Sindano haikunihurumia. Tulitoka hospitali na kilo mbili, na katika siku chache za Beni nilikuwa nimepoteza gramu mia mbili za mtoto.

Niliogopa. Sina neno zuri zaidi ya hilo. Nikakaa kwenye magunia ya kakao huku mtoto yuko uchi mikononi mwangu, akipiga chafya.

Mama mkwe aliporudi nilimweleza huku nalia. Akamchukua mtoto, akamgeuza huku na huku kama mtu anayechagua viazi, akambonyeza paja.

"Iko muzuri," akasema.

"Mama, ameshuka! Gramu mia mbili!"

"Angaria macho yake. Angaria mashavu. Mutoto wa kukonda hapana piga chafya na nguvu hivi." Kisha akaifunika mizani. "Na hapana pima tena mutoto kwa ile. Kakao ni kakao, mutoto ni mutoto."

Basi hapo ndipo nilipomchukia kidogo. Nisamehewe, lakini nilimchukia. Nilijiambia: huyu amezika wawili katika watoto wake wadogo, moyo umeota sugu. Nilijiambia: haya ndiyo mambo ya wazee, namba inakuambia kitu wao wanakuonyesha mashavu. Nikaingia ndani nikampigia muuguzi simu.

Aliniuliza maswali. Ananyonya? Ananyonya. Anakojoa? Anakojoa sana. Ana homa? Hana. Kisha akauliza:

"Na ile mizani, iko sawa?"

Nikaudhika, kana kwamba ameuliza kama mita yangu ina sentimita zote. "Ni mizani ya biashara, Mama! Inapima kakao kila siku!"

Muuguzi akashusha pumzi. "Bon. Barabara ikifunguliwa tu, mumulete. Na hapana mumupe kitu ingine. Maziwa yako tu. Ile tumbo bado."

Siku iliyofuata mji ulikuwa bado umefungwa. Nilimnyonyesha kila saa, mpaka matiti yakawa kama soksi. Mama mkwe alipoenda kuchuma sombe, yale majani ya muhogo, nikapima tena kwa siri, na sindano ilisogea unywele mmoja tu. Siku ya tatu, mji bado. Nilifunga mkoba wetu nikauweka mlangoni, tayari kwa gari la kwanza. Na nikafanya kitu ambacho hata leo nikikikumbuka masikio yananiwaka: nilipika uji.

Ulikuwa uji mwepesi wa mahindi na soya. Nilijua nimekatazwa. Lakini hofu ni wakili mzuri sana. Ilinitetea mbele yangu mwenyewe mpaka nikashinda kesi. Vijiko viwili tu, nilisema. Vijiko viwili vya kumshikilia mpaka tufike hospitali.

Nilitoka nao barazani kwenye kikombe ili upoe. Ville morte au hapana, kakao haijui siasa: akina mama watatu walikuwa wamekuja kwa miguu kupitia vichochoro, mabeseni yao kichwani, na mama mkwe alikuwa akiwapimia. Mmoja wao alikuwa bibi kizee aliyebaki na meno ya kuhesabika, mteja wake wa miaka mingi. Nikakaa kwenye benchi, nikamweka mtoto mapajani, nikachota kijiko, nikakipuliza.

"Ni nini ile?" mama mkwe akauliza.

"Uji."

"Ya nani?"

Machozi yalikuwa yameanza kunitoka mbele za wageni. "Anakonda, Mama. Weye unasema mashavu. Mizani inasema anakonda. Nimungoje akufe juu ya kukueshimu?"

Hakuna mkwe wa Kinande anayeongea hivyo na mama wa mume wake mbele ya watu. Wale akina mama waliangalia chini, kisha, jambo nililoliona la ajabu, wote watatu wakaiangalia mizani.

"Acha kwanza ile kijiko," mama mkwe akasema.

Aliingia ndani. Alirudi na pakiti ya sukari, ya kiwandani, haijafunguliwa, imeandikwa kilo moja ubavuni. Akamwaga kakao ya bibi kizee iliyokuwa kwenye sinia, akaiweka pakiti pale juu, akasogea pembeni.

"Weye unajua kusoma namba. Soma."

Nikasoma. Nikasoma tena.

"Gramu mia tisa."

"Kwenye pakiti wanaandika nini?"

"Kilo moja."

"Basi." Akaiondoa pakiti kwenye sinia. "Mutoto hapana konda. Ni mizani njo inakula. Miye njo niliifundisha kula. Kila kilo inatoa gramu mia. Mutoto yako iko na kilo zake mbili zote, tangu siku ya kwanza. Nilijua. Na sikusema, juu ya kuona haya."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Huyu alikuwa ameuficha uchi wake siku tatu, na mjukuu wake nusura ale uji.

Nilishika kikombe cha uji bila kujua nikiweke wapi. Ndipo bibi kizee akakohoa.

"Mama," akasema, "siye tulijua."

"Mulijua nini?"

"Mizani. Tulijua tangu zamani. Kila mutu hapa anajua kama mizani yako inakula." Akaingiza mkono kwenye beseni lake, akachota kakao, akaiminya mbele yetu. Ilikuwa na unyevu, na unyevu ni uzito. "Njo maana siye tunaleta yenye haiyakauka muzuri. Weye unakula kidogo, siye tunaacha maji kidogo. Tulikuwa sawa." Akanigeukia, na meno yake yote machache yakatokea. "Mutoto tu njo alipimwa mukavu."

Nilicheka. Nilikuwa bado nalia, na nilicheka mpaka maziwa yakanitoka. Wale akina mama nao wakacheka, wakapigana mabegani, mmoja akakaa chini kabisa. Miaka yote hiyo walikuwa wakiibiana sawasawa, kwa heshima na salamu, na mtu pekee aliyeingia kwenye biashara bila kujua desturi alikuwa mwanangu. Mama mkwe hakucheka. Alichukua kikombe cha uji mkononi mwangu, akaenda kukimwaga nyuma ya nyumba, akakaa huko muda mrefu.

Baadaye aliniambia kwamba wanunuzi wakubwa wa depo nao walikuwa na mizani inayokula. Mwaka wake wa kwanza alinunua kwa kilo za kweli akabaki mikono mitupu, na watoto wanataka shule. Ndipo akamwita fundi. Alinieleza bila kujitetea sana, akichambua sombe. Nilimjibu kwamba mimi pia huwa nakata kitambaa cha mteja nikabakiza kipande cha kutosha blauzi ya mtoto. Sijui kwa nini nilisema. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu. Alinitazama kwa mara ya kwanza kama mtu wa familia.

Mji ulipofunguliwa alimwita fundi yuleyule, sindano ikarekebishwa. Lakini hakuridhika. Siku ya kurudi hospitali kwa miadi yetu, wiki mbili baada ya kumwambia muuguzi kwa simu kwamba mtoto hakushuka, nilimkuta mlangoni amevaa viatu vya misa, mizani imefungwa kwa kitenge mgongoni.

"Mama, unaenda nayo wapi?"

"Ku hopitali. Nataka ipimwe na mizani ya serkali. Fundi anaweza kuwa muongo. Ni yeye njo alifanya ile ya kwanza."

Tukapanda gari, mimi na mtoto kifuani, yeye na mizani mapajani. Kwenye kizuizi askari mmoja kijana aliinama dirishani, akaangalia vifurushi viwili vya kitenge, akatabasamu.

"Mapasa?" akauliza, yaani pacha.

"Moja ni mutoto," mama mkwe akamjibu. "Ya pili ni zambi yangu ya zamani."

Askari akatupungia tupite, akidhani ni mzaha.

Hospitalini muuguzi wetu mnene alisikiliza kisa chote akashika tumbo kwa kicheko, wagonjwa wa nje wakachungulia. Lakini alipoona uso wa mama mkwe aliacha kucheka. Akasafisha meza, akaziweka mizani mbili pamoja. Mtoto akalazwa kwenye ya hospitali: kilo mbili na gramu mia nne. Kisha akalazwa kwenye ya kakao. Sindano ilitetemeka, ikapanda, ikasimama kwenye mstari uleule. Mama mkwe alikuwa ameinama karibu sana hata pumzi yake ilikuwa inagusa kioo. Akakaa kwenye kiti cha wagonjwa akalia kwa sauti.

"Nusura niue mujukuu wangu juu ya gramu mia," akasema.

Nilimkumbatia. Muuguzi akaandika namba kwenye karatasi ya mtoto, halafu kwa wema tu akaandika kipande kingine cha karatasi kuhusu mizani, akapiga muhuri wa wodi. Mama mkwe alikibandika barazani kwake, na nadhani ni mizani pekee ya kakao katika Beni yenye cheti kutoka chumba cha watoto njiti. Wateja wake hawakufurahi wote. Bibi kizee alilalamika waziwazi kwamba sasa itabidi akaushe kakao yake mpaka mwisho, na jua lenyewe la mvua.

Nisidanganye kwamba baada ya hapo ikawa mteremko. Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku hubaki akidai muda wake. Alipokuwa na miezi minane kwa umri wa kwanza, sita kwa ule wa pili, mafua ya Butembo yalimshukia kifuani, mbavu zikaingia ndani kila akivuta hewa, tukalala hospitali siku tano na mpira wa oksijeni. Mapafu yake yalikuwa bado yanajifunza. Mara mbili damu yake ilipungua, tukaongeza matone ya chuma yaliyomfanya awe na meno meusi na kinyesi cheusi kama lami. Walimpima macho, wakampima masikio. Watoto wa rika lake pale mtaani walikaa, wakatambaa, wakasimama, na mama zao wakaniuliza kwa sauti ile tamu, "Wako bado?" Niliwajibu kwa daftari. Niliwafundisha umri mara mbili kama katekista, mpaka wakaacha kuuliza. Yeye mwenyewe hakuwa na haraka tena. Haraka yake yote ilikuwa imeishia siku ya kuzaliwa. Kawia ufike, baba yake alisema, na dereva wa lori anajua anachosema.

Kila tuliposhuka Beni, jambo la kwanza lilikuwa mizani. Ikawa desturi hata ya wateja. Wakimwona mtoto amekuja, wanasema, "Mupime kwanza yeye," kisha wanasimama nyuma ya koko yake, yaani bibi yake, kuhakikisha, kilo tano, kilo sita na nusu, ndipo wanamimina kakao yao kwa moyo mweupe. Kilo saba alikaa juu ya sinia bila kushikwa. Kilo nane alitaka kula sindano.

Siku ninayotaka kumalizia nayo, alikuwa karibu kufikisha miaka miwili. Alikuwa ametembea miezi minne tayari, kwa mtindo wa mlevi mwenye heshima. Baraza lilikuwa limejaa, msimu umeanza. Koko yake alimbeba akamkalisha juu ya sinia, akarudi nyuma, mikono kiunoni.

Sindano iliondoka. Ikapita tano, ikapita saba, ikapita nane ambayo tuliifahamu, ikapita tisa. Ikapanda polepole upande wa kushoto, ikafika juu, ikagusa sifuri, ikasimama hapo hapo.

Nilikuwa nimesahau kwamba uso ule wa saa una mwisho, na mwisho wake ni kilo kumi.

Bibi kizee alisogea, akainamisha kichwa, akasoma kwa kidole.

"Mizani inasema hakuna mutoto," akatangaza.

Mtoto asiyekuwepo alikuwa akipiga bati kwa visigino, akidai ashushwe. Mama mkwe wangu alitazama ile sifuri, akamtazama yeye, akafunika mizani kwa kitenge.

"Muiache," akasema. "Leo tu njo naikubali idanganye."